Mwalimu wa Kinanda na Aliyempa Upepo

Mchungaji, wazee wa kanisa, wanakwaya, majirani, walimu waliofanya kazi na marehemu, na nyote mliokuja kutushika mkono, familia inawasalimu na inawaomba mkae, pamoja na ninyi mlioko nje chini ya turubai, kwa sababu historia hii ina urefu wake na anayeisoma hana haraka.

Anayeisoma ni shemeji yake marehemu, mdogo wa mjane, aliyekabidhiwa kazi hii juzi jioni baada ya mtoto mkubwa wa marehemu kusema kwamba hataisoma, na mtoto wa pili kusema kwamba akiianza hataimaliza. Mzee wa kanisa anayesimamia ratiba aliniomba niwe mfupi na nimsifu marehemu, nami nikamwahidi kwamba nitajitahidi. Tunafahamu kuwa wafu hawasemwi, lakini pia historia ya mtu si kilemba cha ukoka, na shemeji kwa shemeji hutaniana tangu siku ya posa mpaka siku ya kaburi, kwa hiyo atakayeona neno limezidi alichukulie kuwa ni utani.

Mtaona katika karatasi mliyopewa mlangoni kwamba jambo la saba, mara baada ya historia hii, ni marehemu kuagwa kwa sauti ya kinanda chake cha mabomba, kitakachopigwa na aliyekuwa mwanafunzi wake, na chini yake imeandikwa kwamba upepo utatolewa na mama mjane. Marehemu mwenyewe aliagiza hivyo mbele ya wazee wawili alipokuwa bado ana sauti, wazee wakaitikia, karatasi zikachapwa, na dada yangu akaletewa yake juzi asubuhi kama mtu anavyoletewa risiti, bila kuulizwa. Ana miaka sitini na sita, na mkono wake wa kulia haufiki tena kwenye sikio, kitana anashikiwa na mjukuu. Tutafika kwenye hilo la saba.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Novemba 1938, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya saba wa baba mshika bendera za treni na mama mshona nguo. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alipokuwa mchanga hakunyamaza kwa titi wala kwa kubembelezwa, alinyamaza treni ilipopiga honi, na honi ikikoma anaanza upya. Msomaji anayaamini maneno hayo, kwa sababu hata alipokuwa mzee kilichokuwa kikimtuliza kilibidi kiwe kikubwa na kifanywe na mtu mwingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1946 na kumaliza mwaka 1953 akiwa wa kwanza darasani, akaendelea na masomo ya kati, kisha akajiunga na chuo cha ualimu tarehe 14 Januari 1957, ambako mkuu wa chuo, mgeni mwenye kikohozi, alimkuta akipiga meza ya bwalo kwa vidole vyote kumi bila kurudia kosa, akamfundisha kinanda cha mkono kwa miaka mitatu. Alihitimu mwezi Desemba 1959 na mwaka uliofuata akaajiriwa kufundisha hesabu na muziki katika shule ya sekondari ya mji huu, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 1993, na wanafunzi wake waliojaa humu leo wanakumbuka jedwali la kuzidisha kwa machungu wanayoyajua wenyewe.

Hapa inabidi tumwache kidogo marehemu tukilete kinanda, maana huwezi kusimulia mmoja ukamficha mwenzake. Kinanda hiki kilifika mwezi Julai 1936, ndani ya makasha yaliyokuja kwa meli na kumalizia kwa treni, kikiwa kimeshatumika kwenye kanisa la mbali lililonunua kikubwa zaidi na kututupia sisi cha zamani kwa jina la zawadi. Kina mabomba zaidi ya mia nne, kubwa lao linaupita mlango kwa urefu na dogo lao linatosha mfukoni mwa shati, na yale mnayoyaona mbele yakimetameta, ambayo maharusi hupenda kupigia picha, mengi ni pambo tu na hayatoi sauti yoyote. Fundi aliyekuja kukifunga alihitaji mtu wa kumshikia ngazi, na aliyekuwa karibu ni mtunza kanisa, baba yetu mzazi, aliyekuwa akifagia. Ngazi ilipokwisha kushikwa, fundi alifungua mlango mdogo ulio upande wa kushoto wa kinanda, akamwonyesha mvukuto, yaani ule mfuko mkubwa wa mbao na ngozi unaohifadhi upepo, akamshikisha mpini wa mti mgumu, akamwambia asukume chini na kuachia, chini na kuachia, bila kushtua. Kazi nyingi mtu hupata kwa njia hiyo, kwamba alikuwepo.

Nyuma ya mlango ule ni chumba cha kutosha mtu mmoja na joto lake. Hakuna dirisha. Ukutani kuna uzi wenye kijiwe kama timazi ya waashi, mvukuto ukijaa kijiwe kinashuka, ukipungua kinapanda, na kikipita alama nyekundu kinanda kizima kinaanza kulia kama mtu aliyekabwa koo. Anayesukuma haoni mpigaji wala waumini, anaona kijiwe. Na mpigaji akitaka upepo zaidi hana njia ya kuita, kwa hiyo tangu zamani ilikubaliwa kwamba atagonga sakafu kwa kisigino mara mbili, na aliye nyuma ya ukuta ataongeza.

Marehemu alikalia kiti cha kinanda kwa mara ya kwanza Jumapili ya tarehe 9 Januari 1966, na tuseme ukweli, alipiga vizuri. Huo ndio ugumu wa historia hii. Angekuwa mpigaji mbovu tungemaliza mapema na kwenda kuzika, lakini mtu yule alikuwa akigusa vile vitufe, watu waliokuja kanisani na ugomvi wao wa nyumbani wanasahau walikuwa wanagombania nini, na watu wazima walilia kwa wimbo ambao walikuwa wameuimba maisha yao yote. Watu walisafiri kutoka miji mingine kuja kumsikiliza, wakampa mkono, wakampigia makofi, wakamwita Mwalimu, jina ambalo lilimkaa mpaka nyumbani kwake likafuta lile alilozaliwa nalo. Watoto wa kwaya walikuwa na jina jingine, walimwita Kisigino, lakini walilitumia akiwa mbali.

Mwezi Novemba 1969 baba yetu alipatwa na ngiri akiwa kazini, katikati ya zaburi, akasukuma mpaka zaburi ikaisha, kisha akatolewa kwa machela. Daktari alimkataza kunyanyua chochote kizito kuliko kikombe. Mwalimu alijaribu vijana sita kwenye ule mpini, wenye misuli na wenye sala, na wote walisukuma kwa pupa, sauti ikawa inatikisika kama gari bovu, mpaka siku moja sauti ilipotulia ghafla katika mazoezi, akaenda mwenyewe kuchungulia mlangoni akamkuta binti wa mtunza kanisa. Dada yangu alikuwa amezoea kumpokea baba tangu ana miaka kumi na mitatu. Alikuwa na miaka kumi na tisa wakati huo, mabega mapana ya mama yetu, na mkono mtulivu kupita wa baba.

Posa ililetwa baada ya wiki tatu. Wengine huchagua mke kwa sura, wengine kwa tabia, wengine kwa ukoo, shemeji alichagua kwa mabega, na hakuficha, maana aliwaambia wazee wetu waziwazi kwamba amezunguka mji mzima na hajaona upepo usiotikisika kama wa binti huyu. Wazee walicheka wakadhani ni ushairi. Na dada yangu, ambaye leo ndiye anayenikodolea macho nisiseme hili, alifurahi, kwa sababu alikuwa akimpenda. Alikuwa amempenda kwa miaka mitatu kupitia ukutani, kwa kusikia visigino vyake.

Ndoa ilifungwa Jumamosi, tarehe 6 Juni 1970, mbele ya madhabahu hii. Baba yetu alikuwa amekaa benchi la kwanza na mkanda wake wa ngiri, vijana sita wa majaribio walikuwa wameketi pamoja nyuma, na kitabu kilipokwisha kutiwa saini ilifika zamu ya wimbo wa kuwatoa maharusi. Hapo bwana harusi alimwachia bibi harusi mkono, akapanda ngazi za kinanda, akakaa, na kabla hajagusa kitufe akagonga kisigino mara mbili. Dada yangu alikusanya gauni lake jeupe kwa mikono yote miwili, akainama, akapita kwenye ule mlango mdogo. Wimbo ukapigwa mwanzo hadi mwisho, wa kutisha kwa uzuri, nasi sote tulisimama tukitazama njia ya katikati ambayo maharusi hawakuipita. Watu walipiga makofi. Wapo waliopiga makofi siku ile ambao wamo humu leo, na hatuwalaumu, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Picha ya harusi iliyotundikwa sebuleni kwao mmeiona wote mliokuja kwenye matanga, inamwonyesha bwana harusi akiwa kwenye kinanda na ua kifuani, na mgeni akiuliza bibi harusi yuko wapi, dada hujibu, "Mimi ndiye huo wimbo," kisha anakwenda jikoni.

Katika ndoa hiyo walijaliwa mtoto wa kiume tarehe 3 Aprili 1972, ambaye ni fundi umeme, na mtoto wa kike tarehe 19 Februari 1975, ambaye ni mkunga. Nyumba yao ya mtaa wa shule ilikuwa na sakafu ya mbao, na marehemu, kwa kuwa mtu hawezi kuwa na lugha mbili kwa jambo moja, alihamia nayo ile ishara ya kinanda, akitaka chai anagonga kisigino mara mbili, akitaka soksi mara mbili, akitaka mlango ufungwe mara mbili, na mke alitakiwa ajue lipi ni lipi kwa kutazama saa. Binti yao alipokuwa na miaka mitatu alijifunza mchezo huo, siku moja akakaa kwenye kiti cha baba yake akagonga kisigino chake kidogo mara mbili, na mama yake akatoka jikoni mbio na unga mikononi. Aliposimama akaona aliyeita ni nani, alikaa sakafuni. Majirani wa upande wa kushoto, ambao tutawashukuru baadaye, ndio waliomwinua.

Mwaka huohuo, Jumapili ya tarehe 20 Agosti 1978, askofu alitutembelea. Dada alikuwa na mimba ya miezi saba, na Jumamosi yake alimwomba mumewe atafute mtu mwingine hata kwa nyimbo mbili za mwisho, naye akamjibu kwamba askofu haji kila mwaka. Ibada ilikuwa ndefu. Nyimbo zilikuwa tisa. Alipochoka mkono alisukuma kwa nyonga, alipochoka nyonga alipiga magoti akauning'inia mpini, na wimbo wa mwisho ulipokwisha askofu alikuwa bado anatembea polepole akiwabariki watoto, kwa hiyo Mwalimu akaurudia ubeti wa mwisho, akaurudia tena, na kila mara akagonga kisigino mara mbili, na kijiwe hakikupita alama nyekundu isipokuwa mara moja, kwa kitambo kidogo. Askofu alisimama mlangoni akamsifu mpigaji mbele ya wote. Dada alitolewa kule nyuma na mama yetu.

Mtoto alizaliwa jioni hiyo, wa kike, hakulia. Mwalimu alifika hospitali saa ya kutazama wagonjwa na mfuko wa machungwa, akaketi kando ya kitanda, akamenya moja akalila kwa utulivu, akafuta vidole vyake kwa leso kimoja kimoja kama alivyokuwa akifanya kabla ya kugusa vitufe, akasema, "Ubeti wa mwisho upepo ulipungua." Mama yetu alikuwepo, aliyasikia kwa masikio yake, na aliyarudia maneno hayo mpaka akaingia kaburini mwaka 1999, kila alipokuta shemeji anasifiwa. Mtoto alizikwa na baba yetu nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji, bila wimbo. Jumapili ya sita baada ya hapo dada alirudi nyuma ya ukuta. Tulimuuliza kwa nini, akasema mtu havunji nyumba yenye watoto wawili kwa sababu ya upepo, na tangu siku hiyo hatukumsikia akilitaja jambo hilo tena, ila wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mwaka 1984 umoja wa vijana wa kanisa ulichangishana ukanunua mashine ya umeme ya kusukuma upepo. Ilifungwa siku ya Ijumaa na fundi wa mjini, swichi ikabonyezwa, mvukuto ukajaa wenyewe na kijiwe kikashuka bila mtu kugusa kitu. Dada alipopata habari alipiga pasi gauni la bluu, la kukalia benchi, kwa sababu katika miaka yake yote alikuwa hajawahi kusikia kinanda hiki kutoka huku mliko ninyi. Kule nyuma hausikii wimbo, unasikia mbao zikilalamika na ngozi ikipumua. Siku ya Jumamosi Mwalimu alipiga ubeti mmoja kwa mashine, akanyanyua mikono, akasema mashine hii inapumua kama ng'ombe mgonjwa, itolewe. Mwenyekiti wa vijana aliinamisha kichwa, mashine ikatolewa, ikarudishwa kwenye kasha lake, kasha likapakwa rangi na kuwa meza ya maua. Ni lile pale mbele ya mimbari, ambalo leo mmelipangia mashada. Mwenyekiti wa vijana siku hizi ni mzee wa kanisa na ndiye anayesimamia ratiba. Gauni la bluu lilikaa kabatini mpaka likamtosha binti.

Mtoto wa kiume alikuwa na miaka kumi na miwili wakati huo. Aliporudi nyumbani alimwambia baba yake kwamba akikua ataifunga ile mashine yeye mwenyewe, na baba yake akamcheka mbele ya wageni. Kijana akasomea umeme. Mara tatu kwa miaka tofauti alikuja na mfuko wake wa vifaa, na mara tatu baba yake alimgeuza mlangoni, na mara ya mwisho alimwambia kwamba mashine haiwezi kujua mpigaji anataka nini. Sisi ndugu wa mke tulielewa maana yake. Mashine haisikii kisigino.

Marehemu alianza kutetemeka mkono wa kushoto mwaka 2014. Alipiga kwa mara ya mwisho Jumapili ya tarehe 25 Septemba 2016, wimbo mmoja, wenye makosa, na waumini walisimama wakampigia makofi muda mrefu kuliko wimbo wenyewe, huku dada yangu, akiwa na miaka sitini na sita na bega lililokufa, akingoja kule nyuma ajue kama umekwisha au kuna mwingine, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia. Baada ya hapo kifua cha marehemu kilijaa maji. Alilazwa hospitali kuu Jumatatu, tarehe 27 Februari mwaka huu, sauti ikamtoka siku ya tatu, na kuanzia hapo alizungumza kwa kugonga kisigino kwenye chuma cha kitanda. Wagonjwa wa wodi ile walihama vitanda. Dada hakuhama, aliweka kiti miguuni.

Alhamisi, tarehe 9 Machi, mchana, umeme ulikatika, na ile mashine iliyokuwa ikimsaidia kuvuta pumzi ikazima. Nesi wa zamu alikuwa na wagonjwa wawili wa namna hiyo na mikono miwili tu, kwa hiyo alimvalisha marehemu kile kifuniko cha mdomoni chenye mfuko wa mpira, akamwonyesha dada jinsi ya kuufinya na kuuachia, kufinya na kuachia, bila kushtua, akashangaa kuona mama huyu haelekezwi mara mbili. Dada alifinya. Marehemu alifumbua macho akamwona ni yeye, na baada ya muda akagonga kisigino mara mbili kwenye chuma, nesi aliyaona haya, na dada akaongeza. Kisha kisigino kikanyamaza. Yeye aliendelea, mkono wa kulia ukimshinda anapokea kwa wa kushoto, macho yakiwa ukutani kama anayetafuta kijiwe, mpaka daktari alipofika, akamshika mume kifundo cha mkono, akasikiliza, akamshika mke bega akamwambia, "Basi, mama. Inatosha." Mwalimu alikuwa ameshakwenda kitambo. Ameacha mjane, watoto wawili, na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, na kwa namna ya pekee inamshukuru daktari yule kijana, si kwa dawa, maana dawa hazikusaidia, bali kwa hayo maneno matatu, ambayo dada yangu hajawahi kuambiwa na mtu yeyote tangu alipoushika mpini akiwa na miaka kumi na mitatu, si na baba yetu, si na kanisa, si na sisi. Tunawashukuru majirani wa mtaa wa shule kwa maji, viti na kuni, na wale wa upande wa kushoto kwa siku ile ya unga. Tunawashukuru walimu wenzake kwa mchango wao. Tunaishukuru kwaya, ambayo itaimba leo kwa mapafu yake yenyewe. Tunamshukuru fundi seremala, aliyelipanua jeneza kwa shubiri moja upande wa kulia jana mchana bila kuuliza sababu.

Sababu ni hii, na ndilo lile jambo la saba. Leo alfajiri, wakati ninyi mkipanga viti, dada yangu alichukua spana ya marehemu baba yetu, akainama kama alivyoinama na gauni la harusi, akapita kwenye ule mlango mdogo, akafungua nati mbili zilizokuwa hazijafunguliwa tangu mwaka 1936, akatoka na mpini chini ya shuka. Nilimkuta njiani. Nilimuuliza kama hataki hata mara moja kukaa benchini akakisikia kinanda kama wenzake wanavyokisikia, akaniambia, "Nimeshakisikia kwa bega." Aliulaza mpini ndani ya jeneza, kwenye mkono wa kulia wa mumewe, akauwekea vidole vyake juu, akamnyoosha tai, kisha akawaita wanaume waje wapigilie kifuniko. Kwa hiyo mwanafunzi wa marehemu asihangaike kupanda ngazi. Anayekipenda kinanda kuliko tulivyokipenda sisi aondoe mashada juu ya lile kasha, alifungue, na amwombe mwanangu fundi umeme, ambaye amekaa pale karibu na mama yake na mfuko wake wa vifaa, na ambaye hatagonga mlango mara ya nne.

Shemeji, ulikuwa na mikono ambayo mji huu hautaipata tena, na nakuambia hivyo bila utani. Mpini unao. Uendako ukihitaji upepo, sukuma mwenyewe, na ukichoka, hakuna wa kugongewa.

Na wewe dada, tutakapomshusha kaburini udongo utagonga mbao, utasikia mara mbili, mara nne, mara nyingi. Usiinuke. Kaa hapohapo ulipo, mbele ya watu wote, na upumzike kwa amani.